Sarafu iko wapi? Kufufua mlango wa sarafu wa kabati la gemu

Kabati lilifika gereji kwangu juu ya pikapu, limelazwa chali na kufungwa kamba kama ng'ombe wa mnadani. Ni kabati la gemu la mwishoni mwa miaka ya 1980. Mbao zimevimba chini kwa unyevu wa ghala, ila skrini ni nzima na vitufe vyote vipo. Mwenyewe aliniuzia kwa bei ya kutupa. "Inakula hela, haichezi," alisema. Yeye alikuwa ametoboa tundu ubavuni na kupachika kitufe cha kengele ya mlango; ukikibonyeza, gemu inadhani umetia sarafu. Kitufe kinafanya kazi, sikatai. Lakini kabati la namna hii bila mlio wa sarafu ni kama daku bila ngoma.

Kazi yangu ya mchana ni kutengeneza mashine za kuuza soda hapa Columbus, Ohio, kwa hiyo visoma sarafu ndiyo mkate wangu. Nimeona mafundi wengi wakiambiwa "haisomi sarafu" wanakimbilia mita ya umeme na kuanza kupima nyaya. Mimi kwanza nauliza: sarafu iko wapi? Kama iko kwenye kikombe cha kurudishia, kisoma kimeikataa. Kama imepotelea katikati, kisoma kimeziba. Kama imefika kwenye kasha la chini na gemu haijasikia, hapo ndipo uchukue mita. Nilipofungua kasha la kabati hili lilikuwa kavu kabisa. Sarafu saba za yule bwana zilikuwa zimepangana ndani ya kisoma kama abiria wa daladala, zimegandamana kwa uchafu mweusi.

Kisoma cha chuma cha zamani hakitumii umeme hata chembe, na watu wengi hawalijui hilo. Kinapima sarafu kwa mizani, kwa nafasi na kwa sumaku, basi. Umeme unaanza baada ya sarafu kukubaliwa.

Fuata safari ya kwota moja. Kwota ni senti 25 ya Marekani: kipenyo milimita 24.26, unene milimita 1.75, uzito gramu 5.67. Ikipita mdomoni inaangukia kwenye kimizani chenye mikono miwili iliyoachana kwa kadiri ya kipenyo hicho. Sarafu ndogo, kama ile ya senti 10, inapenya katikati ya mikono na kurudi kwa mwenyewe. Kipande chenye upana sawa lakini chepesi kinakaa palepale juu, hakina ubavu wa kukiinamisha kimizani, mpaka mtu abonyeze kitufe cha kurudisha. Kwota halali inakiinamisha, inaingia kwenye reli na kubiringika mbele ya sumaku.

Hapo kwenye sumaku ndipo penye akili. Kwota hainasi kwenye sumaku, lakini metali yoyote inayopitisha umeme ikikatiza mbele ya sumaku, ndani yake huzuka mikondo midogo ya umeme inayoizuia kama breki. Kila metali ina breki yake. Kwota inapunguzwa mwendo kwa kiasi fulani, inatoka ukingoni mwa reli, inagonga kipande kidogo cha chuma, inadunda na kutua upande wa kukubaliwa. Kipande cha shaba tupu kinapunguzwa mno, kinaanguka karibu. Cha risasi hakipunguzwi vya kutosha, kinaruka mbali. Vyote viwili vinarudishwa. Kipande cha chuma kinanasa kabisa kwenye sumaku, na ukibonyeza kitufe cha kurudisha kinakuja kifagio cha kukikwangua.

Jambo hili lina historia yake, na kwa bahati inapita mjini kwetu. Marekani ilipotaka kuondoa madini ya fedha kwenye kwota, Hazina iliiomba taasisi ya utafiti ya Battelle, yenye makao yake hapahapa Columbus, ichunguze metali za kushika nafasi hiyo. Ripoti ilitoka mwaka 1965. Kikwazo kimoja kikubwa kilikuwa mashine hizi: visoma vilivyotapakaa nchi nzima vilikuwa vimezoea breki ya madini ya fedha. Suluhisho likawa sarafu ya tabaka, kiini cha shaba tupu kilichofunikwa pande mbili kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, ili mbele ya sumaku iende mwendo wa ile ya zamani. Rais Lyndon Johnson alisaini sheria yake tarehe 23 Julai 1965. Shika kwota yoyote ya siku hizi, tazama ubavu wake, utauona mstari mwekundu wa kile kiini. Huwa nawasimulia wateja wangu habari hii wakati nafungua mashine yao. Wanaitikia kwa adabu, huku macho yako kwenye soda.

Sasa usafi. Kisoma kwenye milango mingi ya Marekani kinachomoka chenyewe: unasukuma vishikizo viwili vya springi na kinatoka mkononi. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, piga picha na chora alama kwa kalamu pale skrubu zilipo, hasa mbili zinazosogeza kile kipande cha kudundia na ukingo wa kugawa njia. Ukizizungusha bila alama, utakesha. Fungua bawa (ule upande wa kisoma unaofunguka kama mlango), toa takataka (mimi nilikuta kipande cha kijiti cha aiskrimu), halafu osha kwa maji ya moto, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Sumaku huwa imeota ndevu za unga wa chuma. Kuzing'oa tumia utepe wa gundi, bonyeza na kubandua, bonyeza na kubandua. Reli ipanguse kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Anika hadi ikauke kweli, usidanganywe na uso wa nje.

Na usitie mafuta. Uchafu mweusi niliousema haukuwa vumbi tu, ulikuwa mafuta ya kupuliza ambayo mtu mwenye nia njema aliyamwaga miaka iliyopita. Siku ya kwanza sarafu zinateleza vizuri, anajisifu. Baada ya mwezi vumbi limeshika, mafuta yamekuwa gundi. Kisoma hiki kinataka kuwa kikavu. Ekseli ya kimizani ikikwaruza, unga kidogo wa grafiti kwenye ncha ya kijiti unatosha.

Kikirudi mahali pake, weka pima maji ya fundi mwashi juu ya kabati. Sarafu inaendeshwa na uzito wake tu, kwa hiyo kabati likiegemea nyuma au ubavuni, breki ile ile inatoa jibu jingine. Langu lilikuwa limeinama kwa sababu ya mbao zilizovimba, na likawa linakataa sarafu tatu katika kumi. Nilikaza mguu mmoja wa nyuma, likanyamaza. Ningepima nyaya kwa wiki nzima nisingeliona.

Tuje kwenye umeme. Chomoa plagi kwanza, na ukiwa ndani ya kabati usiguse shingo wala kofia ya skrini ya zamani ya kioo. Inaweza kutunza volti nyingi hata ikiwa imezimwa.

Chini ya kisoma kuna mfereji, na pembeni ya mfereji kuna swichi ndogo yenye unywele wa waya uliokatiza njia. Sarafu ikipita inaukanyaga unywele, swichi inabana kwa kufumba na kufumbua, basi gemu imesikia. Swichi ina miguu mitatu: COM (wa pamoja), NO (ulioachana na COM mpaka swichi ibanwe) na NC (uliogusana na COM mpaka swichi ibanwe). Tunataka COM na NO. Ukifunga kwenye NC, bodi, yaani ile saketi inayoendesha gemu, inaona sarafu iliyokwama muda wote, na gemu nyingi zitagoma au kupiga kelele. Unywele uliopinda chini sana una dalili hiyohiyo, kwa hiyo kabla ya kulaumu bodi unyooshe kwa vidole, taratibu, na usikilize "ti" ndogo ukiusukuma na "ti" nyingine ukirudi.

Kabati langu ni la mpangilio wa nyaya uitwao JAMMA, ule wa Kijapani wa mwaka 1985 wenye kiunganishi cha miguso 56. Huo ulituokoa mafundi, maana sehemu zake ni zilezile. Sarafu ya kwanza ni mguso wa 16 upande wa bodi wenye vipande vya umeme. Ya pili ni T upande wa pili, wa lehemu. COM za swichi zote mbili zinakwenda kwenye ardhi ya bodi (volti sifuri), ambayo iko miguso ya 1, 2, A na B. NO moja kwenda 16, nyingine kwenda T. Bodi yenyewe inashikilia mstari huo juu, volti 5, na sarafu inauvuta chini kwenye ardhi. Maana yake huhitaji kupeleka volti yoyote kwenye swichi. Ukijikuta unatafuta volti 12 za kuipa swichi, simama, unywe maji, uanze upya.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuichoma bodi kwa njia hiyo. Taa ndogo zinazoangaza maandishi ya bei kwenye mlango zinakaa sentimita chache kutoka kwenye swichi. Kwenye milango ya zamani zinatumia volti 6.3 za mkondo geu, kwenye mingine volti 12. Nilibadilisha balbu nikiwa na haraka, kibanio kimoja cha ncha ya waya kikagusa mguu wa NO, na volti 12 zikaingia mahali pa volti 5. Ile IC (kijidude cha kwenye bodi) inayopokea ishara ya swichi haikutoa hata moshi, ilikufa kimya. Tangu hapo navalisha kila kibanio soksi ya plastiki, na waya wa taa na waya wa swichi navipitisha pande tofauti za mlango.

Mlango ni bamba la chuma linaloshikwa na watoto wenye mikono ya jasho. Upe waya wake wa ethi, wa kijani, kutoka kwenye bamba hadi ethi ya plagi. Pima kwa mita, usikisie.

Kihesabio, kile kinachohesabu sarafu zilizoingia, kina koili ndani. Upande mmoja unapewa volti zake, mwingine unakwenda mguso wa 8 na bodi ndiyo inayokivuta. Pachika dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4004 kuvuka koili, mstari wake ukielekea chanya, la sivyo kila sarafu itapiga bodi teke la umeme koili inapoachia. Na kama kabati lako linaendeshwa na kompyuta yenye MAME (programu ya kuigiza mashine za gemu za zamani), swichi ileile inaingia kwenye kibodi ndogo ya USB inayogeuza vitufe vya kabati kuwa vya kompyuta; sarafu ya kwanza ni kitufe cha 5, ya pili ni cha 6.

Mdogo wangu wa Dar alipoona video alinipigia: "Kaka, niletee hilo kabati, nitalitia jero." Haiwezekani, mdogo wangu. Jero ya sarafu, yaani shilingi 500 ya Tanzania iliyotoka 2014, ina upana wa milimita 27.5, haipiti hata mdomoni. Na hata ukipanua mdomo, ni chuma kilichopakwa nikeli. Itanasa kwenye sumaku na kukaa hapo mpaka kifagio kije. Kwa shilingi unahitaji kisoma cha elektroniki cha volti 12, unakionyesha sarafu za mfano nacho kinakariri. Au nunua tokeni, vipande vya kutia badala ya sarafu, zinazokubaliwa na kisoma cha kwota, uziweke kwenye bakuli. Na akili yako isiende kwenye dubwi, ile mashine ya kamari; hapa ukishinda hulipwi kitu.

Jaribio langu la mwisho ni kwota ishirini mfululizo, nusu mpya, nusu zilizochakaa mpaka sura imefutika. Zote ishirini zilipita. Nikamwaga kasha, nikaziba tundu la kile kitufe cha kengele, nikaandika namba ya kihesabio ukutani: 38417. Watoto wamecheza wiki mbili. Jana nimefungua, kihesabio kinasoma 38506, na kwenye kasha kuna kwota 88. Moja iko ndani humo mahali fulani. Nikilisukuma kabati naisikia ikigonga mbao.