Makumbusho hayafi watalii wakikosekana

"Watalii wasipokuja, makumbusho yamekufa." Kauli hii ilivuma sana mwaka 2020, korona ilipoingia na UNESCO ikakadiria kuwa takriban asilimia 90 ya makumbusho duniani yamefunga milango kwa muda. Kauli hiyo si kweli. Kiingilio kinasaidia, tena sana, lakini kazi kubwa ya makumbusho ni kutunza, na kutunza hakungoji mgeni.

Nenda Kijiji cha Makumbusho, pale Kijitonyama, jirani na kituo cha daladala kilichobeba jina lake. Zile nyumba za asili za makabila yetu ni za miti, udongo na nyasi. Masika ya Dar yakikolea, nyasi zinaoza, udongo unamomonyoka, mchwa wanapanda nguzo. Lazima paa liezekwe upya na ukuta ukandikwe, awepo mtazamaji au asiwepo. Na anayejua kuezeka nyumba ya namna hiyo ni hazina kuliko nyumba yenyewe: akiondoka bila kumfundisha kijana, tumebaki na picha tu.

Hapo ndipo uimara ulipo, kwa maoni yangu. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, bado lipo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa kwa sababu kuna watu wanaolilinda kila siku. Mwaka ukiwa mgumu, watazamaji wa kutegemewa ni sisi wenyeji: wanafunzi, familia za Jumapili, wapenzi wa ngoma.