Sanaa ya kompyuta ni nini?

Sanaa ya kompyuta ni picha, mchoro au umbo lililoundwa kwa kutumia kompyuta. Mkazo uko kwenye kuundwa. Mchoro wa rangi za mafuta ukipigwa picha na kuwekwa kwenye simu unabaki kuwa mchoro wa rangi za mafuta.

Njia inayofahamika zaidi ni ya mkono. Msanii anachora kwa kalamu ya kielektroniki, na mistari yake inageuzwa kuwa pikseli, yaani vinukta vya rangi. Kwa kawaida kila pikseli huwa na viwango 256 vya nyekundu, 256 vya kijani na 256 vya buluu, na mchanganyiko wake hutoa rangi zaidi ya milioni 16. Akikosea anafuta bila kuacha alama. Ila asiyejua kivuli kinaangukia upande gani, programu haitamfundisha.

Njia ya pili ndiyo inayonivutia zaidi: msanii hachori, anaandika maagizo. Mjerumani Georg Nees, aliyeonyesha michoro ya namna hiyo mjini Stuttgart mwaka 1965, ana kazi moja iitwayo Schotter, maana yake kokoto. Ni miraba mitupu, 12 kwa kila safu, safu 22. Safu za juu zimenyooka kabisa. Kadiri jicho linavyoshuka, mraba mmoja unainama, wa pili unateleza kutoka mahali pake, mpaka huko chini yote imelaliana ovyo kama mawe yaliyomwagwa. Nees hakupanga kila mraba uiname kiasi gani. Hilo kompyuta ililibahatisha. Yeye aliamua kwamba vurugu iongezeke safu hadi safu, na mimi naona uamuzi huo ndio mchoro wenyewe. Kuuweka kwenye karatasi ilikuwa kazi ya mashine iliyoendesha kalamu.

Anayedhani hapo kompyuta ndiyo msanii amtazame Vera Molnár, mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Paris. Alianza kutumia kompyuta mwaka 1968, lakini kwa miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa akijitungia kanuni na kuzifuata kwa mkono, hatua kwa hatua, kana kwamba mashine iko kichwani mwake. Alipoipata ya kweli, aliendelea na kazi ileile: anabadilisha kitu kidogo, anatazama kilichotokea, anabadilisha tena.