Dawa za Fangasi za Kupaka: Dhana Potofu na Ukweli

Joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam, hasa miezi ya masika, huacha jasho kinenani, kwapani na kati ya vidole vya miguu, na hapo fangasi hustawi. Tyubu ya dawa hupatikana kirahisi katika duka la dawa la mtaani, na kwa kawaida dawa yenyewe ni salama ikitumiwa ipasavyo. Kinachowaponza watu ni kudhani kwamba muwasho ukitulia, ugonjwa umekwisha.

Dhana ninayoiona kuwa ya hatari zaidi ni ile inayosema kwamba krimu inayokata muwasho kwa usiku mmoja ndiyo yenye nguvu. Ukweli ni kwamba krimu nyingi za namna hiyo ni mchanganyiko wa dawa ya fangasi na steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe na muwasho), na steroidi ndiyo inayotuliza muwasho haraka, kwa kuufifisha ulinzi wa ngozi ambao ungepambana na fangasi. Baka hupoteza ukingo wake ulioinuka wenye magamba, huku likiendelea kutambaa, hata mhudumu wa afya akapata taabu kulitambua. Mchanganyiko huo ukipakwa kwa wiki nyingi kinenani, kwapani au usoni, ngozi hukonda na huweza kubaki na michirizi ya kudumu. Kabla ya kulipa, geuza boksi usome maandishi madogo: ukikuta betamethasone, clobetasol au dexamethasone, ambazo ni steroidi, mwulize mfamasia kwa nini unapewa mchanganyiko, na kama dawa ya fangasi pekee haitoshi.

Dhana nyingine ni kuacha kupaka mara tu ngozi inapoonekana safi. Krimu ya fangasi ya klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa mara 2 au 3 kwa siku, na kwa fangasi wa ngozi huendelezwa kwa angalau wiki 2 baada ya dalili kutoweka, kwani fangasi waliobaki hawaonekani kwa macho. Terbinafini, dawa nyingine ya fangasi, huchukua muda mfupi zaidi, kwa hiyo fuata karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi. Osha sehemu hiyo, ikaushe vizuri kwa taulo usilochangia na mtu, kisha paka safu nyembamba inayovuka ukingo wa baka kwa takriban sentimita 2, na unawe mikono. Kupaka nzito hakuharakishi kupona.

Mtoto mwenye mapunye naye hupakwa krimu kichwani mwezi mzima bila nafuu, na mzazi akaamini kwamba dawa ni feki. Fangasi hao wamo ndani ya unywele, ambako krimu haifiki. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa kipimo kinachotokana na uzito wake. Kucha za miguu nazo mara nyingi huhitaji dawa ya kumeza.

Si kweli pia kwamba dawa ya kupaka haiwezi kuingiliana na dawa au kitu kingine chochote. Mikonazoli, nayo dawa ya fangasi, hasa jeli ya kinywani, inaweza kuzidisha nguvu ya warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na kusababisha kutokwa na damu, na baadhi ya krimu za ukeni hudhoofisha mpira wa kondomu. Mjamzito na amweleze mhudumu hali yake kabla ya kununua.

Mwisho, si kila baka ni fangasi. Fangasi wanaorudi mara kwa mara ni sababu ya kupima sukari na VVU. Na baka lililofifia rangi, lisilowasha, ambalo likiguswa kwa ncha ya pamba halina hisia, linaweza kuwa ukoma: lisisubirishwe kwa tyubu ya tatu wala ya nne, lipelekwe kituo cha afya, ambako matibabu yake hutolewa bure.