Wasifu wa Kazi Unaanzia Kwenye Tangazo

Tangazo la Serikali ya Tanzania la nafasi ya Dereva Daraja la II kwa kawaida hutaja sifa chache tu: cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C ambayo mwombaji ameifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Anayechambua maombi huyatafuta hayo kabla ya kitu kingine chochote. Sasa chukua wasifu wa dereva mwenye sifa zote. Ukurasa wa kwanza umejaa majina ya wazazi, kijiji alikozaliwa, dini, hali ya ndoa na shule ya msingi. Leseni imetajwa ukurasa wa tatu kwa maneno mawili: "Leseni ninayo." Daraja halikuandikwa, wala tarehe iliyotolewa. Dereva ana sifa, karatasi yake haina.

Katika kazi ya kuwashauri watafuta kazi hakuna kasoro ninayokutana nayo zaidi ya hiyo, na inaniuma kwa sababu mara nyingi anayeachwa ni yule anayeiweza kazi kweli. Wasifu wa kazi, ambao wengi tunauita CV, huandikwa kana kwamba ni historia ya maisha. Mtu huandika mmoja, au huandikiwa steshenari kwa kubadilisha jina kwenye CV ya mwenzake, kisha huutuma huohuo benki, hotelini, kwenye mradi wa afya na kwenye kampuni ya ujenzi. Mwajiri aliyetoa tangazo ameuliza maswali. Wasifu ni majibu ya maswali hayo, na kila jibu liwe na kitu cha kulithibitisha.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kompyuta, chapisha tangazo au linakili kwa mkono. Pigia mstari kila sifa iliyotajwa na kila jukumu la kazi. Pembeni ya kila mstari andika ni wapi umewahi kufanya jambo hilo au lililo karibu nalo. Zoezi hili huchukua saa moja hivi, na ndani ya saa hiyo utajua mambo mawili: kama nafasi hiyo inakufaa, na ni kitu gani kikae ukurasa wa kwanza. Dereva wetu aanze na daraja la leseni, mwaka alioipata, aina za magari aliyoendesha, njia alizozizoea na cheti chake cha VETA. Shule ya msingi inaweza kusubiri, au isiwepo kabisa.

"Mimi sina uzoefu"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vijana wengi wanapojinyima wenyewe.

Mhitimu wa stashahada ya uhasibu anakuja na wasifu ambao sehemu ya uzoefu ina mstari mmoja: "Nilifanya fildi Halmashauri, kitengo cha fedha. Majukumu: kusaidia kazi za uhasibu." Ukimuuliza asubuhi alikuwa akianza na nini, anaanza kueleza. Alikuwa akipanga hati za malipo na kuhakikisha viambatisho vimetimia kabla hazijapelekwa kusainiwa. Alikuwa akipokea taarifa za makusanyo ya ushuru kutoka kwenye mashine za POS na kuzilinganisha na fedha zilizoingia benki. Aliona jinsi malipo yanavyopita kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa Serikali, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuidhinisha chochote. Siku moja aligundua kiasi kilichokusanywa hakikuwa kimepelekwa benki, akamwambia msimamizi wake. Haya yote alikuwa nayo kichwani, na hakuna hata moja lililofika kwenye karatasi.

Ukiyaweka kwa maandishi, mistari yake inakuwa hivi: "Nilipanga na kukagua viambatisho vya hati za malipo kabla ya kuidhinishwa. Nililinganisha kila siku makusanyo ya mashine za POS na taarifa ya benki, na kuripoti tofauti kwa mhasibu wa mapato. Nimeufahamu mtiririko wa malipo katika mfumo wa MUSE kwa kuangalia na kuandaa nyaraka." Uongo haupo hapo. Hata lile la MUSE limesemwa kwa kipimo chake: ameufahamu kwa kuangalia, hakusema ameuendesha. Msaili akimuuliza, ana la kujibu.

Angalia pia vitenzi. Nilipanga, nililinganisha, niliripoti. Neno "kusaidia" halimwambii mwajiri chochote, kwa sababu anayesaidia anaweza kuwa alibeba nusu ya kazi au alibeba chai. "Kushiriki" nalo ni hivyohivyo. Andika kile ambacho mikono yako ilifanya, kwa kitu gani, mara ngapi, na nini kilitokea. Kama una idadi ya kweli, iweke: wanafunzi wangapi darasani ulipokuwa mazoezi ya kufundisha, wateja wangapi kwa zamu, heka ngapi za shamba la mfano ulizosimamia. Kama huna idadi, usiitunge.

Halafu kuna kazi ambazo vijana huzificha kwa sababu hazikuwa na mkataba wala ofisi. Binti aliyeendesha kibanda cha wakala wa fedha kwa simu kwa miaka miwili baada ya chuo ananiambia kipindi hicho "nilikuwa nyumbani tu." Nyumbani wapi? Kila siku alikuwa akisimamia floti (salio la wakala kwenye simu) na fedha taslimu, akihakikisha kimoja hakiishi kingine kikajaa, akikagua vitambulisho vya wateja, akifunga hesabu jioni, akiwatuliza watu waliotuma pesa namba isiyo sahihi. Kwa nafasi ya karani wa benki au mhudumu wa wateja, hiyo ni miaka miwili ya uzoefu unaohusiana moja kwa moja na kazi. Iandikwe: cheo, mahali, mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza, na mistari mitatu ya alichokifanya. Vivyo hivyo kwa aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha VICOBA, aliyesimamia vibarua kwenye shamba la familia, au aliyejitolea kufundisha hesabu shule ya kata. Malipo hayageuzi kazi kuwa si kazi.

Mafundi waliojifunza gereji au saiti nao wasikate tamaa kwa kukosa cheti. VETA hupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, na anayefaulu hupewa cheti. Fundi magari mwenye miaka kumi gereji, akikipata, wasifu wake unabadilika: ana uzoefu mrefu na karatasi inayouthibitisha.

Yanayoondolewa

Sehemu ya juu ya wasifu inahitaji jina lako kama lilivyo kwenye vyeti, namba ya simu inayopatikana, barua pepe yenye heshima na mji unaoishi. Chini yake weka sentensi tatu au nne zinazosema wewe ni nani kikazi. Zile sentensi za "lengo langu ni kufanya kazi katika taasisi yenye changamoto ili nikuze kipaji changu" zifutwe. Zinaeleza unachotaka wewe, wakati anayesoma anatafuta anachohitaji yeye. Andika kwa mfano: "Muuguzi mwenye stashahada na leseni hai, niliyefanya kazi miaka mitatu wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya." Msomaji anajua mara moja aendelee au asiendelee.

Dini, kabila, hali ya ndoa na idadi ya watoto havihusu uwezo wako wa kazi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya mambo kama hayo, na kinamlinda pia mwombaji wa kazi. Kwa nini basi umpe mtu sababu ambayo sheria imemkataza kuitumia? Umri ni suala tofauti kidogo: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida hutaka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliyeko tayari kazini serikalini, hivyo huko tarehe ya kuzaliwa inahitajika. Kwingine fuata tangazo.

Namba ya kitambulisho cha NIDA usiiandike kwenye wasifu unaosambaza kwa barua pepe na makundi ya WhatsApp. Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi za Serikali mtandaoni, huidai unapojisajili, na hapo ndipo mahali pake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini ulinzi wa kwanza ni wewe mwenyewe kutotawanya taarifa zako kwa watu usiowajua.

Urefu? Kurasa mbili zinamtosha mtu mwenye uzoefu wa kawaida, na mhitimu mpya anaweza kumaliza kwa moja. Wahadhiri na watafiti wana utaratibu wao wa kuorodhesha machapisho, hao tuwaache. Kazi na elimu zianze na za karibuni kurudi nyuma. Mapambo, visanduku na safu mbilimbili za rangi hazikusaidii, tena baadhi ya mashirika makubwa hutumia programu zinazosoma maandishi kwanza, na programu hizo huchanganywa na majedwali. Fonti moja ya kawaida, herufi zinazosomeka, vichwa vya habari vilivyokolezwa, basi.

Vyeti, majina na ukweli

Kila unachoandika kitakuja kuulizwa cheti chake. Kwa nafasi za Serikali, hati za matokeo za kidato cha nne na sita na matokeo ya muda hazikubaliki badala ya cheti halisi. Aliyesoma nje ya nchi anatakiwa vyeti vyake viwe vimehakikiwa na NECTA (sekondari), TCU (vyuo vikuu) au NACTVET (vyuo vya ufundi) kulingana na ngazi. Uhakiki unachukua muda, kwa hiyo uanze kabla tangazo halijatoka.

Majina ndiyo yanayowakwamisha wengi bila wao kutarajia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Amina Juma Saidi, cha kidato cha nne Amina J. Said, cha chuo Amina Saidi Juma. Kwake yeye ni mtu mmoja, kwa mhakiki ni watu watatu. Linganisha nyaraka zako zote leo, herufi kwa herufi. Penye tofauti, fuata utaratibu wa kisheria wa kubadili jina na upate hati iliyosajiliwa. Usisubiri kuambiwa siku ya usaili, umeshasafiri hadi Dodoma kwa nauli ya kukopa.

Na usiongeze kitu ambacho hakipo. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini, baadhi yao wakiwa wametumikia miaka mingi. Kughushi ni kosa la jinai. Hata uongo mdogo, wa kuandika "najua Excel vizuri" wakati unajua kujumlisha tu, hufichuka unapowekwa mbele ya kompyuta kwenye usaili wa vitendo. Andika kiwango chako cha kweli, kisha tenga muda ujifunze.

Kipindi ambacho hukuwa na kazi nacho kiseme kwa ukweli. Ulimuuguza mzazi, ulilea mtoto, ulikuwa JKT, ulikuwa ukilima: mstari mmoja unatosha. Pengo lisiloelezwa huacha msomaji akikisia, na makisio yake huwa mabaya kuliko hali halisi.

Wadhamini watatu ndio hutakiwa mara nyingi. Chagua watu walioiona kazi yako, si wakubwa wenye vyeo wasiokukumbuka. Mhadhiri aliyesimamia utafiti wako au msimamizi wako wa fildi anafaa kuliko mbunge aliyewahi kupeana mkono na mjomba wako. Wapigie kwanza uwaombe idhini, hakikisha namba zao bado zinapatikana, na watumie tangazo pamoja na wasifu ili wakiulizwa wajue wanazungumzia kazi gani.

Lugha ya wasifu ifuate lugha ya tangazo, au ile tangazo linayoelekeza. Kiswahili fasaha ni bora kuliko Kiingereza cha kunakili, na pale Kiingereza kinapolazimika, mpe mtu anayekijua akusomee. Msomaji wa pili ni wa lazima hata kwa Kiswahili, kwa sababu jicho lako limeshayazoea makosa yako. Mwombe pia akwambie, baada ya kusoma kwa nusu dakika tu, wewe unaweza kufanya kazi gani. Akishindwa kujibu, ukurasa wa kwanza bado haujakaa sawa.

Unapotuma, hifadhi faili kwa PDF na ulipe jina linaloeleweka, lenye majina yako mawili na nafasi unayoomba, si "CV mpya ya mwisho 2". Kwenye kichwa cha barua pepe andika nafasi na kumbukumbu namba ya tangazo. Kisha tunza nakala ya wasifu uliotuma pamoja na tangazo lake kwenye folda moja, kwa kila nafasi uliyoomba. Wakati mwingine simu ya kuitwa kwenye usaili huja miezi mitatu baadaye, tangazo limeshaondolewa mtandaoni, na utahitaji kujua hasa ni nini uliwaambia.