Ukinzani, neno linalosingiziwa ulaji

Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kwa kijana anayeuza vifaa vya umeme: "Hita hii inakula sana uniti kwa sababu ina ukinzani mkubwa." Kabla yake niliisikia kwa fundi, na kabla ya fundi kwa mtu aliyesoma fizikia shuleni. Mara zile mbili za mwanzo nilinyamaza.

Ukinzani ni jinsi kitu kinavyouzuia mkondo wa umeme usipite, nao hupimwa kwa omu. Ukiwa na volti (msukumo wa umeme) na ampea (wingi wa mkondo) huhitaji kingine: gawanya volti kwa ampea upate omu, zidisha volti kwa ampea upate wati, yaani kasi ya ulaji. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 huvuta ampea 8.7, kwa hiyo ukinzani wake ni kama omu 26. Balbu ya zamani ya wati 60 huvuta ampea 0.26 tu, na ukinzani wake ikiwa inawaka ni kama omu 880. (Ikiwaka, nasema. Ukiipima na mita ikiwa baridi utakuta namba ndogo mno, maana waya wake hukinza zaidi ukipata moto.) Hesabu ndiyo hiyo. Sasa tazama kati ya hita na balbu ni nani mwenye omu nyingi.

Kinachoniudhi ni kwamba neno lenyewe lingetuongoza kama tungelisikiliza. Kukinza ni kupinga, kukataa, kuzuia. Mkinzani ni yule ambaye kila linalosemwa kikaoni ana "hapana" yake mkononi. Kama pinga lilivyotupa upinzani, naona kinza na kinga nao ni wa tumbo moja: kukinga maji, kukinga pigo. Mkondo nao ulikuwa neno la wavuvi na mabaharia kabla mafundi hawajaliazima, maji yaendayo kwa nguvu upande mmoja. Ukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, picha imekamilika: maji yanakwenda, na kuna kitu kimekaa njiani kinayakatalia. Kitu hicho kikizidi kuwa kikubwa, yatapita maji mengi au machache? Mtoto wa pwani hahitaji kalamu kukujibu.

Wati ndilo neno lisilo na picha kwetu. Limetokana na James Watt, Mskoti wa injini za mvuke, aliyefariki mwaka 1819 bila kuwa mtu wa umeme hata kidogo. Wenzetu wa Kenya wanaouita umeme stima, neno lililokuwa la meli za mvuke, wako karibu na mzee huyo kuliko sisi wengine. Omu angalau imekwenda kwa mwenyewe. Georg Ohm alikuwa mwalimu wa shule mjini Köln, akapima mkondo katika nyaya za urefu mbalimbali, na kitabu chake kikatoka mwaka 1827. Alichokiona ni kwamba waya ukirefuka, mkondo unapungua.

Na hilo tunaliona kila siku kwenye jiko la umeme la springi. Springi ikikatika, fundi anatupa kipande kilichoungua, anazivuta ncha mbili na kuziunganisha. Jiko likiwashwa linawiva jekundu kuliko lilipokuwa jipya, na mama mwenye nyumba analalamika kwamba uniti zinakwisha upesi. Tuseme lilikuwa la wati 1,000, yaani omu 53 hivi. Ukipunguza sehemu moja ya tano ya waya zinabaki omu 42, ampea zinapanda kutoka 4.3 hadi 5.4, na jiko sasa ni la wati 1,250. Ukinzani umepungua, ulaji umeongezeka. Ndiyo maana springi iliyoungwa mara tatu haimalizi mwezi.

Sitaki kumwonea kijana wa watu, maana kosa lake lina asili. Shuleni tulikaririshwa kwamba joto hutokana na mkondo kuzidishwa kwa wenyewe, kisha kwa ukinzani, na hiyo ni kweli tupu. Ila inakupa "ukinzani zaidi, joto zaidi" pale tu mkondo usipobadilika. Hiyo ni hali ya plagi iliyolegea: ampea 8.7 zote za hita zinalazimika kupita kwenye kiungo kibovu, na kikiwa na nusu omu tu, wati karibu 38 zinachemkia mahali padogo kama punje ya mahindi. Plagi inayeyuka. Hapo ndipo mkinzani anapoleta moto. Lakini vifaa vya nyumbani vimeunganishwa sambamba, kila kimoja na volti zake 230, na kisichobadilika hapo ni volti. Mwenye ukinzani mdogo ndiye anayevuta zaidi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, hita umeiuza vizuri na bei ilikuwa ya haki. Kesho ukiulizwa kwa nini inakula, sema ni kwa sababu ukinzani wake ni mdogo. Mteja akibisha, mita unayo hapo kaunta: ikiwa hita haijachomekwa kwenye soketi, mpimie omu zake aone.