Jua la shambani si jua la mabatini: dhana potofu kuhusu rozela

"Jua ndiyo dawa yake, mwanangu." Juzi nimeyasikia tena maneno haya hapa Malindi, kutoka kwa mama mmoja aliyeniletea gunia la rozela (maua mekundu ya kutengenezea chai) niliangalie kabla hajalipeleka kwa mnunuzi. Nilipotia mkono nilitoa maua yenye rangi ya ukwaju mkavu, yakivunjika kwa kidole. Aliyaanika juu ya mabati siku sita, asubuhi hadi magharibi. Kazi ya msimu mzima, na bei itakatwa kwa ajili ya rangi ile. Imeniuma.

Dhana yenyewe ni kwamba rozela ikizidi kupigwa jua, nguvu yake inazidi. Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapotosha watu. Mmea ukiwa hai, jua linausaidia. Wekundu wa rozela ni anthosianini, yaani rangi za asili za mimea, nazo ndizo antioksidanti zake kuu, yaani viambato vinavyosaidia kukinga seli za mwili zisiharibike. Mmea huzitengeneza kwa wingi ukipata mwanga wa kutosha, kwa kuwa zinaukinga na mwanga mkali. Rozela iliyopandwa chini ya mwembe hutoa maua machache yaliyopauka. Kwa hiyo shambani ipe nafasi, ipe jua, usiibane katikati ya minazi iliyosongamana.

Ukishachuma, mambo yanageuka. Lile ua (tunaliita ua, ingawa tunachokausha ni kikombe chenye nyama kinachobaki petali zikishaanguka) halitengenezi tena kitu. Kuanzia hapo ni kupungua tu, na vinavyopunguza ni mwanga, joto na hewa. Bati la saa saba mchana lina vyote vitatu. Nilimwaga lile gunia kwenye jamvi mbele ya mama. Maua machache yaliyokuwa yamejificha kwenye mkunjo wa bati, chini ya wenzake, yalikuwa bado rangi ya damu ya mzee. Shamba moja, siku moja ya kuchuma. Aliyachagua moja moja, kimya.

Nawaomba mkaushe chini ya makuti. Toa tumba la mbegu kwanza, kwa kuwa ndilo linalochelewesha kukauka. Tandaza tabaka moja juu ya wavu ulioinuliwa, upepo upite chini, na ugeuze asubuhi na jioni. Najua mtaniambia kivulini huota ukungu. Masika, hewa ikiwa nzito, hofu hiyo ni ya haki. Siku hizo tumia jua, lakini funika kwa leso nzito, au tengeneza sanduku la kukaushia lililozibwa mwanga, joto lake lisipite nyuzi 60. Kaskazi inapovuma, sioni sababu ya mtu yeyote wa pwani kupanda darini na rozela.

Wengine huyaacha yakaukie mtini. Hapo kikombe hukomaa kikawa kigumu kama ganda na kikala vumbi. Chuma wiki mbili hadi tatu baada ya ua kuchanua, kikiwa bado kinakatika kwa kucha.

Mbolea nyingi pia haiongezi dawa. Ukiimwagia yurea, rozela itakupa majani ya kupika mboga, na maua yatachelewa. Samadi iliyooza vizuri wakati wa kupanda yatosha. Kiu kidogo karibu na kuchuma huweza kukoleza rangi, ila mmea uliokauka kwa kiu hukupa maua ya kuhesabu.

Rozela nyeupe nayo imesingiziwa kuwa haina kitu. Haina anthosianini, kweli, lakini polifenoli nyingine (viambato vya mimea vya jamii moja na anthosianini) na asidi zake inazo.

Kuna waliotupa rozela nzuri kwa sababu chai yake iligeuka samawati ndani ya kikombe cha kunywea kilichobaki na sabuni, wakadhani wameuziwa rangi ya kiwandani. Anthosianini ni nyekundu kwenye ukali wa asidi, na huelekea samawati hadi kijani ikikutana na magadi. Tia chembe ya magadi kwenye chai ya rozela uone, kisha kamulia ndimu: wekundu hurudi. Maji ya kisima cha matumbawe nayo huififisha kidogo kwa sababu hiyohiyo.

La mwisho ni la presha, na hapa sina subira. Utafiti umeonyesha kuwa rozela inaweza kushusha presha kwa kiasi. Kwa sababu hiyo hasa, anayemeza vidonge asiviache, na asinywe vikombe juu ya vikombe bila daktari wake kujua, kwa kuwa presha huweza kushuka kupita kiasi. Mjamzito naye asiitumie kama dawa. Nikimuuzia mtu maua, hilo humwambia kabla sijapokea pesa yake.