Kompyuta ya gari haizoei tabo yenyewe

Bado watu huambiana kwamba ukifunga tabo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, kwenye injini isiyokuwa nayo, kompyuta ya gari "itazoea". Haizoei, si kwa kiasi hicho. Chukua Mazda MX-5 ya kwanza, ya lita 1.6: hewa hupimwa na kibati kinachosukumwa nayo. Kikishafunguka chote, nyongeza ya tabo haionekani tena. Sensa ya oksijeni husahihisha mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye mwendo wa kawaida tu. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, haisikilizwi. Petroli haitoshi, taimingi (wakati wa cheche kuwaka) inabaki mbele mno, pistoni zinaumia. Injekta kubwa, zile zinazonyunyiza petroli, peke yake hazitibu. Kijikompyuta cha kuidanganya ile ya kiwandani ni nafuu, lakini mimi ningefunga kompyuta inayojitegemea, yenye sensa ya presha, irekebishwe na fundi anayepima mchanganyiko.